Vitambaa Chini ya Shuka

Alimwambia msimamizi kuwa ni jino.

Kiwanda kile cha suruali kilitambua sababu chache za kuomba ruhusa: msiba wa mzazi, homa inayoonekana kwa macho, na jino. Tumbo halikuwamo. Lilifutwa zamani, tangu mwanamke mmoja wa mstari wa zipu alipoomba nusu siku kwa sababu ya tumbo, na baada ya miezi michache tumbo lenyewe likaanza kuonekana. Tangu hapo anayetaja tumbo hutazamwa kiunoni kabla ya kujibiwa. Ndiyo maana wanawake wa kiwanda kizima, wakiumwa chochote kilicho chini ya shingo, waliumwa jino.

"Jino gani?" msimamizi aliuliza bila kuondoa macho kwenye saa yake ya kubonyeza, ile aliyowapimia watu mishono yao.

"La nyuma, bosi."

"Likang'olewe leo. Kesho nisije kusikia limebaki shina."

Wenzake walimwita Mifuko. Kazi yake ilikuwa kushona mfuko wa nyuma wa suruali, wa kulia peke yake. Wa kushoto ulikuwa na mtu wake. Alitoka getini akiwa ameshika shavu, na hakuliachia hadi alipokata kona, maana mlinzi naye alikuwa na mdomo.

Kwenye zahanati alikaa kwenye benchi la ukutani pamoja na wanawake wengine, kila mmoja akiwa ametazama mlango kana kwamba hamjui mwenzake. Nesi aliyemwita alikuwa mtu mzima, miwani yake imefungwa plasta kwenye bawaba. Alimpa vidonge vya maumivu, akamkagua vizuri kuhakikisha hana mimba, kisha akamwekea kiganjani kitanzi cha kuzuia mimba, cha mfano.

Kilikuwa kidogo kuliko alivyokiogopa. Plastiki nyeupe, mikono miwili iliyonyooka kama ya mtu anayezuia mlango, na chini yake nyuzi mbili nyembamba.

"Si chuma?" Mifuko aliuliza.

"Kipo cha shaba, lakini ulichochagua ni hiki. Kina homoni kidogo, inatoka polepole hukohuko ndani. Kinakaa miaka. Ukitaka kuzaa unakuja, nakitoa, unazaa."

"Mume wangu anasema vinapata kutu."

"Mumeo anafanya kazi gani?"

"Anachomelea mageti."

Nesi alicheka. "Basi ndiyo maana. Mwambie plastiki haishiki kutu."

"Siwezi kumwambia, nesi."

Nesi aliacha kucheka. Akavuta pazia hadi mwisho. "Panda. Nitakuwa nakuambia kila kitu kabla sijakifanya. Ukisema acha, naacha."

Mifuko alipanda kitandani na maneno yale masikioni. Ukisema acha, naacha. Kiwandani hakuwahi kuyasikia, wala nyumbani, wala wodini alikojifungulia watoto wake watatu huku akifokewa afunge mdomo. Alilala chali akatazama dari, palipokuwa na doa la maji ya mvua.

"Sasa naingiza kifaa cha kufungulia njia. Ni cha baridi, nisamehe. Pumua kwa mdomo. Sasa nasafisha. Sasa napima urefu wa mfuko wa uzazi, hapa patabana."

Palibana. Ulikuwa ule uchungu wa mwanzo wa kuzaa, ule unaoshika kiuno chote na kukizungusha. Jasho lilimtoka kwenye mdomo wa juu.

"Niache?"

"Endelea."

"Kohoa kidogo. Sasa kinaingia." Ukaja mbano wa pili, mkali kuliko wa kwanza, ukamfanya ashike ukingo wa kitanda kama anayedondoka. Kisha nesi akasema, "Kimekaa. Nakata nyuzi, zisiwe ndefu. Usinyanyuke haraka, utapata kizunguzungu."

Alipata kizunguzungu hata akiwa amelala. Nesi alimpa maji, akakaa kwenye stuli akamweleza. Leo na kesho tumbo litakata. Miezi ya mwanzo ataona matone, siku nyingi, bila mpangilio, asiogope. Akipata homa, au uchafu wenye harufu, au maumivu yasiyopoa, arudi palepale. Nyuzi ajifunze kuzigusa kwa kidole, kila mwezi.

"Baadaye damu inapungua. Kwa wengine inakoma kabisa. Ikikoma usiseme imejaa ndani, wala usiseme ni mimba. Ukuta wa mfuko unakuwa mwembamba, hakuna cha kutoka. Basi."

"Inakoma kabisa?" Mifuko alijikuta anatabasamu na tumbo lake lile linalouma.

Nesi alimwambia yote ya mwili. Ya kamba ya kuanikia nguo hakumwambia, kwa sababu hakuna shule inayoyafundisha.

—

"Wameling'oa?" mama mkwe aliuliza hata kabla hajavua viatu.

"Wameliziba tu, Mama."

"Kaa hapo."

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja kilichokatwa kwa ubao: upande huu yeye na mume, upande ule mama mkwe na watoto. Mama mkwe aliweka maji ya moto yenye chumvi mbele yake na kusimama hadi ayasukutue yote. Mifuko alisukutua, akatema, akasukutua tena, huku tumbo likimkata kiasi cha kutaka kujikunja chini kama mkeka. Lakini hakuweza kulishika tumbo. Alishika shavu.

"Unalia kwa ajili ya jino? Mimi nimeng'olewa manne bila sindano."

"Pole, Mama."

"Pole ya nini sasa? Yameshaoza huko yaliko."

Mumewe alirudi jioni, macho mekundu kwa kazi. Mtaani walimwita Cheche. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lazima lisemwe, maana watu wanapenda wabaya ili wajue pa kupeleka hasira. Alikuwa mtu wa kawaida, aliyefundishwa chuma na asifundishwe kingine. Siku mkewe alipothubutu kugusia kitanzi alimjibu kwa uhakika wa ufundi wake: chuma kikikaa kwenye majimaji kinaliwa, kikiliwa kinachongoka, kikichongoka kinatoboa. "Mimi chuma nakijua, mama watoto. Hicho kitu hakiingii nyumbani kwangu." Na alipoambiwa mtoto wa nne atakula nini, alisema watoto wote wamekula hadi leo.

Walikula kweli, na Mifuko alikumbuka walivyokula. Alipojifungua wa tatu, alirudi kiwandani akakuta kiti chake kimekaliwa na mwingine. Mikataba yao ilikuwa ya miezi mitatu mitatu. Aliyeonekana mjamzito hakufukuzwa, la hasha, kiwanda hakikufukuza mtu. Mkataba uliisha tu, na getini akaambiwa jina lake halipo. Mwaka ule mzima aliokaa nyumbani, chungu kiliinjikwa mara moja kwa siku, na mama mkwe alikuwa akisema ameshiba kabla hajaanza. Cheche aliusahau mwaka ule. Wengi wanaisahau miaka ya namna hiyo, na wenye viwanda wanategemea sana usahaulifu huo.

Usiku huo mumewe alipomsogelea, Mifuko alisema jino.

—

Matone yalikuja kama nesi alivyosema. Siku nyingi, bila mpangilio, kidogo kidogo, kama bomba lisilofungika vizuri.

Kiwandani hilo lilikuwa na adha yake. Kila mstari ulikuwa na kipande kimoja cha ubao chenye kamba, cha kuvaa shingoni ukienda chooni. Bila ubao huendi; na ukiwa nao, kila mtu anakuona uendako na anajua umekaa muda gani. Zamani ilikuwa kengele: inagongwa, mstari mzima unakwenda pamoja. Wanawake wa zamani waliigomea ile kengele, wakaketi chini kwenye mashine zao hadi ikang'olewa ukutani. Wakubwa wakasema sawa, mmeshinda, wakaleta ubao. Waliogoma hawapo tena, mikataba yao iliisha. Ubao upo.

"Mifuko, leo ubao umeuoa?" msimamizi alipaza sauti. Watu wakacheka. Mifuko naye akacheka, maana asiyecheka anaulizwa kulikoni.

Nyumbani adha ilikuwa nyingine. Pedi za dukani zilikuwa za wenye nazo. Yeye alitumia vitambaa, akavifua jioni na kuvianika uani chini ya shuka la bluu, ili wanaume wakipita waone shuka tu. Lakini aliyeanua nguo za nyumba ile alikuwa mama mkwe, na chini ya shuka hapakuwa na siri kwake.

"Mbona shuka halitoki kambani?" alimuuliza. "Wiki ya ngapi hii?"

"Ni uchovu, Mama."

"Uchovu hautoki huko."

Kisha, mwezi mmoja, matone yakapungua. Mwezi uliofuata hayakuja. Mifuko aligusa nyuzi kwa kidole, akazikuta mahali pake, akasimama bafuni pale penye mlango wa gunia, akahisi wepesi ambao hakuwa nao tangu avunje ungo. Ubao wa chooni alianza kumpisha mwenzake. Shuka la bluu likarudi kitandani, kazi ambayo mashuka mengine yote duniani yalikuwa yakiifanya muda wote.

Hakuna aliyeliona hilo isipokuwa mtu mmoja.

—

Asubuhi moja aliinama kuinua ndoo, mkono mwingine ukaishika kabla yake.

"Acha," alisema mama mkwe. "Nitabeba mimi."

"Mama, mgongo wako."

"Mgongo wangu umebeba makubwa. Kaa ule." Mezani palikuwa na yai la kuchemsha, limeshamenywa, peke yake kwenye sahani.

"La nani?"

"La anayelihitaji. Mimi si mtoto, mwanangu. Nimeanua nguo zako miaka yote hii. Shuka limelala kitandani mwezi wa pili sasa."

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Neno moja lingetosha: hapana, Mama, si hivyo. Lakini neno hilo lilikuwa na mwenzake nyuma yake, na mwenzake huyo alikuwa kitanzi. Tena lilikuwa yai, na hakuna aliyewahi kummenyea yai. Mifuko alikaa. Akala yai.

Jioni ile Cheche alirudi na nondo za mabaki begani. "Mama ameniambia," alisema, na uso wake mweusi kwa moshi ulifunguka kama wa kijana. Wiki nzima alichomelea uani baada ya kazi, cheche zikiruka, watoto wakipiga kelele. Alitengeneza kitanda cha mtoto: nondo zilizosimama pande zote nne, zimesuguliwa hadi zikawa laini kwa mkono. Kilikuwa kizuri. Wakakiweka upande wao wa ubao, na kuanzia hapo kila aliyeingia chumbani alilazimika kupita ubavu ubavu.

"Umenyamaza," mumewe alisema.

"Nimechoka."

"Ndiyo ilivyo. Wa pili naye alikuchosha hivihivi."

Alilala akitazama nondo. Alipanga kusema kesho. Na kesho yake mama mkwe alikuwa ameshawahi kwa jirani wa mlango wa pili, mwanamke wa mstari wa vifungo ambaye mtaa mzima ulimwita Redio.

—

"Hongera, shoga!" Redio alimpigia kelele getini. "Ukaficha hata kwangu? Tunaokaa ukuta mmoja?"

"Nani kakuambia?"

"Hilo nalo swali? Kafurahi mama wa watu, mwache."

Hakupita muda mstari wa vifungo ukajua, na wa zipu, na wa mikanda. Msimamizi alikuja nyuma ya kiti chake, akasimama. Kisha akamgusa begani kwa kidole kimoja.

"Hamia meza ya nyuzi."

Meza ya nyuzi ilikuwa mwisho wa jengo, karibu na mlango wa kutokea. Hapo ndipo walipowekwa waliokuwa wakisubiri mkataba uishe: wanakata nyuzi zilizobaki kwenye suruali, kazi ambayo haina kiwango wala mashine, ili kiti kipate mtu mpya mapema. Walikaa pale wawili, matumbo yao nje, hawazungumzi.

"Bosi, mimi sina mimba."

"Mama mkwe wako anasema unayo."

"Mama mkwe wangu hashoni hapa."

Kuna waliocheka. Msimamizi hakucheka. "Sawa. Nenda kwa dada wa huduma ya kwanza, akupe kikombe. Tutajua."

Chumba cha huduma ya kwanza kilikuwa upande mmoja wa jengo, na choo upande wa pili. Katikati palikuwa na mistari yote ya mashine. Mifuko alipita huku akiwa na kikombe kitupu na ubao shingoni, akarudi nacho kimejaa, bila mfuniko, amekikinga kwa kiganja. Mashine zilipunguza kasi kila alipopita. Aliyeshona mifuko ya watu maisha yake yote hakuwa na mfuko wa kufichia kikombe.

"Hana," alisema dada wa huduma ya kwanza, akimwonyesha msimamizi kijiti.

"Rudi kwenye mashine." Ndivyo tu. Pole haikuwepo kwenye ratiba.

Alikaa, akatia uzi. Alikuwa amekiokoa kiti. Alishona mfuko wa kulia, na mwingine, na mwingine, kabla hajakumbuka kuwa Redio naye alikuwa na masikio, na kuwa walikuwa wakirudi nyumbani njia moja.

—

Walikuwa wamekaa wote wawili alipoingia, mama kitini na mwana ukingoni mwa kitanda, karibu na kile cha nondo. Watoto walikuwa wametolewa nje. Yai halikuwepo.

"Redio anasema wamekupima," mama mkwe alianza.

"Ndiyo, Mama."

"Anasema huna kitu."

"Sina."

"Damu hujaona. Mimba huna." Mama mkwe alihesabu kwa vidole vyake, polepole. "Basi ilikwenda wapi?"

Cheche alisimama. Kile chumba hakikuwa na nafasi ya mtu kusimama kwa hasira. Goti lake liligonga nondo. "Umeitoa?"

"Sijatoa kitu."

"Ilikuwepo, sasa haipo! Mimi nimeishi na kitanda hiki humu ndani! Mafundi wenzangu wamenipongeza! Umeitoa kwa ajili ya kiti cha kiwanda?"

"Haikuwepo!"

"Ulikula mayai ya nani?" alisema mama mkwe.

Alitazama mlango, mlango ulikuwa upande wa mumewe. Alitazama dirisha, dirishani, nje, kivuli cha Redio kilikuwa kikifunga kamba za viatu visivyo na kamba. Akinyamaza, yeye ni muuaji. Akisema, yeye ni mwongo. Akachagua uongo wake, kwa kuwa angalau huo ulikuwa kweli.

"Nina kitanzi," alisema. "Tangu lile jino. Si cha chuma, ni plastiki. Kinaweza kukomesha damu, nesi aliniambia. Sikuwa na mimba siku hata moja."

Nje kivuli kiliinuka na kuondoka haraka, na shehena yake.

Cheche aliketi tena. Ilionekana kama vile amechoka ghafla. Alishika nondo moja ya kile kitanda, akaisugua kwa kidole gumba alipokuwa ameilainisha. "Ulikuwa unaniangalia nikichomelea," alisema.

Hilo lilimuuma kuliko kofi.

"Kesho tunakwenda wote," mumewe alisema. "Kinatoka nikiwepo."

Mama mkwe alikuwa akimtazama mkwewe kwa namna mpya, kama mtu anayepima kitambaa kabla ya kukata.

—

Kesho yake alimwambia msimamizi kuwa ni jino lilelile.

Nesi aliwatambua kabla hawajaketi, au pengine aliwatambua wa aina yao. Cheche alisimama katikati ya chumba na buti zake za kazi.

"Nimemleta atolewe ule mtambo."

"Karibu, baba. Subiri kwenye benchi."

"Nilisema nitakuwepo."

"Utakuwepo. Kwenye benchi." Nesi alifungua mlango, akaushika hivyohivyo hadi Cheche alipotoka.

Pazia likavutwa. Nesi hakugusa vyombo. "Panda tu ulale, nikikague kimekaaje. Kisha uniambie wewe. Si yeye. Nitoe?"

Kupitia mlango zilisikika buti zikienda na kurudi. Mifuko alitazama doa lile la mvua kwenye dari, lilikuwa limeongezeka. Alimfikiria mumewe na kidole chake gumba. Aliwafikiria wale wawili wa meza ya nyuzi, wasiozungumza.

"Ukisema acha, naacha," nesi alisema. "Nilikuambia."

"Acha."

"Kibaki?"

"Kibaki. Lakini nyuzi zifupishe, asije akazigusa."

Nesi alifanya kimyakimya. Safari hii haikuuma, na Mifuko alilia, akifuta machozi kwa kona ya shuka la zahanati.

Walipotoka Cheche aliruka kutoka benchini. "Tayari?"

"Tayari," alisema mkewe.

"Kiko wapi? Nataka kukiona."

Nesi alivua glavu moja, kisha ya pili. "Baba, taka za hapa hazipewi watu. Zinachomwa."

Cheche aliwaza. Kuchomwa ni kitu alichokielewa. Akaitikia kwa kichwa. "Moto mkali?"

"Mkali sana," nesi alisema, akaita mgonjwa mwingine.

—

Kwa hiyo sasa ilibidi damu irudi.

Aliwaza hilo kwenye mashine siku nyingi, mguu ukikanyaga, mfuko wa kulia ukifuata mfuko wa kulia. Alikata vitambaa vipya kutoka kwenye kitambaa cha ndani cha mifuko, makapi ambayo kiwanda kilikuwa kikiyatupa. Siku ya mapumziko akavilowesha kwenye beseni zima la povu, akavifua uani kwa nguvu, mahali ambapo mtu anaweza kumwona, akavisuuza kwa maji yaliyotoka meupe kama yalivyoingia. Akavianika kambani, akatandaza shuka la bluu juu yake. Cheche alipita, akaliona shuka, akapiga mluzi kidogo. Damu ilikuwa imerudi kama zamani. Mwezi ujao, aliwaza, huenda ikawa kheri.

Mama mkwe alitoka kuanua jua lilipopungua. Mifuko alikuwa anakoka jiko, akamwona akiinua pindo la shuka, akasimama. Alikichukua kitambaa kimoja. Akakigeuza. Akakiinua kwenye mwanga.

Kisha akaja nacho hadi jikoni, akachuchumaa, magoti yakilia.

"Hiki kimetumika lini?"

"Juzi, Mama."

"Mwongo." Alisema hivyo kwa sauti ya chini, karibu ya upole. "Damu hata uisugue vipi inaacha ramani. Kila kitambaa changu nilichowahi kuanika kilikuwa na ramani. Hiki kinaweza kuvalishwa bwana harusi."

Mifuko alishindwa kupuliza moto. Ng'ambo ya uzio wa mabati sauti ya Cheche ilikuwa ikicheka na mtu.

"Hakutoa, yule nesi."

"Mama, nakuomba."

"Usiniombe. Nijibu."

"Hakutoa. Nilimkataza."

Mama mkwe alikikunja kitambaa, akakikunja tena, hadi kikatosha kiganjani. "Mimi nilizaa tisa," alisema. "Unamjua mmoja. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nitoe au niache. Nisingejua hata la kumjibu." Alitazama moto. "Usidhani nakupenda. Ulinilisha uongo huku ukila mayai yangu. Lakini mwaka ule uliokaa nyumbani, mimi ndiye niliyekuwa nalala na njaa, si mwanangu. Kiti chako ndicho chakula changu. Sifi njaa mara mbili."

"Utamwambia?"

"Mimi naanua nguo tu." Aliinuka kwa kushika bega la mkwewe, kwa uzito wake wote. "Vile vya zamani unavyo?"

"Vipo. Chini ya kitanda cha mtoto."

"Anika hivyo. Vyenye ramani. Redio naye ana macho, na yeye si mkwe wa mtu humu. Na mwezi ujao uanze tarehe zako, si siku inayokujia kichwani. Nakumbuka tarehe zako kuliko wewe."

"Kila mwezi, Mama?"

"Kila mwezi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapochoka," alisema mama mkwe. "Na ndoo ya asubuhi urudi kuibeba. Na yangu pia."

Mifuko aliingia chumbani ubavu ubavu, akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya nondo hadi akavipata. Vilikuwa vikavu, visafi, kila kimoja na ramani yake ya kahawia isiyofutika. Akavipeleka uani, akavilowesha, akavikamua, akaanza kuvibana kambani kimoja kimoja. Nyuma yake mama mkwe alileta stuli mlangoni, akaketi, akatazama mikono yake inavyokwenda.

"Kaza kasi," alisema. "Shuka bado."